Proksi Inayochelewa: Muda Unaishia Wapi?
Sehemu ya tatu

Katika sehemu mbili zilizopita tuliijenga proksi yetu. Ni programu fupi: inapokea anwani kutoka kwa msomaji, inakwenda kuuchukua ukurasa kwenye seva yake, inageuza viungo vyote vipitie kwake, inaondoa makorokoro yasiyohitajika, kisha inamkabidhi msomaji ukurasa mwepesi. Inafanya kazi. Lakini anayeitumia anangoja zaidi kuliko mwenzake anayekwenda moja kwa moja, na watu wameanza kuikwepa.

Mwandishi wa programu akisikia malalamiko hayo, haraka haraka hulaumu ile kazi ya kuandika upya. Anakwenda kuukwangua msimbo wake, anabadilisha lugha ya programu, anaomba kompyuta yenye nguvu zaidi. Mimi ningemshauri aweke saa kwanza. Programu iandike kwenye faili ya kumbukumbu wakati ombi lilipofika, jina la seva lilipopatikana, muunganisho ulipokubaliwa, baiti ya kwanza ilipoingia, ya mwisho ilipoingia, na ya kwanza ilipotoka kwenda kwa msomaji. Kompyuta ya kawaida ya leo hupitia ukurasa wa kilobaiti 60 kwa milisekunde chache tu. Muda uliobaki wote, na mara nyingi ni mwingi, proksi imekaa tu inasubiri.

Inasubiri nini? Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200 kwa kila milisekunde. Njia ya kebo yenye kilomita 10,000 inadai milisekunde 50 za kwenda na 50 za kurudi, hata kama vifaa vyote vya njiani havina kazi nyingine. Waliotumia intaneti Afrika Mashariki kabla ya kebo ya SEACOM kuanza kazi mwaka 2009 walikuwa na hali ngumu zaidi, kwa kuwa wengi walipitia satelaiti. Satelaiti ya mawasiliano ya aina hiyo hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ombi lipande na kushuka, jibu lipande na kushuka, tayari ni karibu nusu sekunde kwa swali moja.

Sasa hesabu safari hizo. Ukurasa unapoombwa kwa mara ya kwanza, proksi hutuma ujumbe kuulizia anwani ya seva, ikatuma mwingine kufungua muunganisho wa TCP, ndipo ikauliza ukurasa wenyewe. Safari tatu za kwenda na kurudi. Kwa satelaiti ni sekunde moja na nusu, na hakuna hata herufi moja iliyofika. Ukurasa ukiwa wa https, ongeza safari mbili za kupeana funguo kwa TLS 1.2, au moja kwa TLS 1.3 iliyotoka mwaka 2018.

Dawa ilikuwepo tangu toleo la 1.1 la HTTP la mwaka 1997: muunganisho ukishafunguliwa usifungwe. Proksi nyingi ndogo bado zinaandikwa kwa mazoea ya zamani, fungua, uliza, funga, kwa sababu hivyo ndivyo msimbo unavyokuwa mfupi. Iwe na ghala dogo la miunganisho iliyo wazi, mmoja mmoja kwa kila seva inayotembelewa mara kwa mara, na iyakumbuke majibu ya anwani kwa muda ulioruhusiwa. Safari tatu au tano zinakuwa moja. Kuna mtego hapa: seva inaweza kuufunga muunganisho uliolala wakati ule ule unapoutumia, na programu lazima ijue kujaribu tena. Kwa ombi la kusoma tu hakuna neno. Kwa fomu ya malipo usithubutu, maana unaweza kumkata mtu fedha mara mbili.

Hata baada ya muunganisho kufunguka, TCP haimwagi data yote kwa mkupuo. Tangu kazi ya mtafiti wa mitandao Van Jacobson ya mwaka 1988, muunganisho mpya huanza na vipande vichache, ukasubiri vithibitishwe, kisha ukaongeza karibu maradufu kila mzunguko. Kwa kanuni iliyotumika miaka mingi, mzunguko wa kwanza ulikuwa na vipande vitatu, yaani kilobaiti 4 na kidogo. Ukurasa wetu wa kilobaiti 60 ulihitaji kama mizunguko minne. HTML ina marudio mengi, kwa hiyo hubanwa vizuri sana kwa gzip. Tukichukulia kwamba umebaki moja ya tano, ni kilobaiti 12, nao unapita kwa mizunguko miwili. Kwenye satelaiti umeokoa sekunde nzima. Mwaka 2013 ilipendekezwa kuanza na vipande kumi, na kwa mitambo iliyofuata pendekezo hilo kilobaiti 12 zinaingia kwa mzunguko mmoja.

Ndiyo maana ninaichukia hila moja iliyozoeleka katika proksi ndogo. Ukurasa ukifika umebanwa, proksi haiwezi kuvisoma viungo vyake mpaka iufungue. Mwandishi anaona kazi hiyo ni usumbufu, basi anafuta kichwa cha Accept-Encoding kwenye ombi, ili seva ilete maandishi matupu. Amejiokolea mistari mitano ya msimbo na milisekunde moja ya kompyuta, akailipia kwa mizunguko miwili mitatu ya mtandao. Acha seva ibane. Fungua, badilisha, kisha bana tena unapomtumia msomaji.

Faida ya kuupunguza ukurasa inategemea mahali proksi ilipowekwa, na jambo hili halizungumzwi vya kutosha. Proksi iliyo ndani ya maabara ya shule ina njia pana kwa wasomaji wake na njia nyembamba kwenda duniani. Kukata mapambo baada ya ukurasa kufika hakumsaidii mtu kungoja kidogo, kwa kuwa njia nyembamba imeshapitwa na mzigo umeshalipiwa. Inachoweza ni kuomba ukurasa uliobanwa na kuhifadhi nakala. Proksi iliyokaa upande wa pili, karibu na seva za dunia, mambo yake ni kinyume: kila kilobaiti inayokatwa ni kilobaiti isiyopita kwenye njia nyembamba. Kwa mfano, BBC ilikuwa na Betsie, programu ndogo ya Perl iliyozigeuza kurasa za BBC kuwa maandishi matupu kwa ajili ya watu wasioona wanaotumia programu za kusomewa. Opera Mini, iliyosambazwa duniani mwaka 2006, ilifanya hivyo kwa upana mkubwa: simu ilizungumza na seva za Opera peke yake, nazo ndizo zilizokwenda huku na huko kukusanya ukurasa, picha na mitindo yake, zikavipunguza, zikaleta furushi moja. Vijana wengi wa Dar es Salaam na Nairobi waliuona mtandao kwa mara ya kwanza kupitia simu za vitufe kwa njia hiyo. Kama proksi yako iko upande usiofaa, ihamishe kabla ya kugusa msimbo.

Tuje kwenye kosa ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote: proksi kungoja ukurasa wote uishe kuingia ndipo ianze kuutoa. Ni kama mpishi wa chapati asiyemuuzia mtu hata moja mpaka unga wote uishe. Seva ikichukua sekunde mbili kumaliza kutuma, msomaji anatazama kioo cheupe kwa sekunde mbili, ilhali angekuwa ameshaona kichwa cha habari na kivinjari chake kimeshaanza kuomba picha.

Sababu za kungoja huwa mbili. Ya kwanza ni kichwa cha Content-Length, kinachotaja urefu wa ukurasa. Viungo vikibadilishwa urefu unabadilika, na mwandishi hushikilia ukurasa mzima ili auhesabu upya. Hana haja. HTTP 1.1 inaruhusu kutuma vipande vipande, kila kimoja kikitanguliwa na urefu wake, na kipande chenye urefu wa sifuri kikitangaza mwisho.

Sababu ya pili ni ya haki zaidi. Data huingia kwa vipande visivyojali maana. Kipande kimoja kinaweza kuishia hapa:

…soma zaidi <a hre

na kinachofuata kikaanzia hapa:

f="/habari/mvua.html">mvua za vuli</a>…

Anayebadilisha kipande kimoja kimoja kwa kutafuta neno href hatakiona kiungo hicho, na msomaji akibofya atatoka nje ya proksi bila kujua. Suluhisho ni kuzuia mkia tu. Toa kila kitu mpaka kwenye alama ya < ya mwisho ambayo haijafungwa, weka baiti zilizobaki pembeni, zisubiri kipande kijacho. Kwa mfano wetu unashikilia baiti sita, si kilobaiti 60. Jihadhari na alama ya > iliyo ndani ya nukuu, na maoni, na msimbo wa script ambamo < ni alama ya hesabu tu. Hayo yanashughulikiwa na kisomaji kinachopita herufi moja baada ya nyingine kikikumbuka kiko katika hali gani: ndani ya maandishi, ndani ya tagi, ndani ya nukuu, ndani ya script.

Kisomaji hicho kinaondoa pia ule mlolongo wa ruwaza kumi na tano za kutafuta na kubadilisha, kila moja ikipitia ukurasa wote upya. Ruwaza zina hatari ya pekee: iliyoandikwa ovyo inaweza kujaribu mpangilio mmoja baada ya mwingine mpaka kichakato kikapoteza pumzi. Tarehe 2 Julai 2019 ruwaza moja ya namna hiyo katika mfumo wa ulinzi wa Cloudflare ilizifanya seva zake kulemewa, na tovuti nyingi duniani zikakosa huduma kwa karibu nusu saa. Picha, video na faili za PDF usizipitishe kwenye kisomaji kabisa. Angalia aina ya maudhui kwenye kichwa cha jibu, uzipeleke kama zilivyo.

Iliyobaki ni nakala. Hifadhi ukurasa ukiwa umeshabadilishwa, pamoja na alama yake ya ETag au tarehe yake ya mwisho kubadilika. Akija msomaji mwingine, iulize seva kama kuna jipya. Ikijibu 304 hakuna mwili wa kusafirisha wala kazi ya kurudia. Wanafunzi 30 wakifungua ukurasa mmoja, anayelipa gharama yote ni wa kwanza. Lakini jibu lenye kidakuzi, au lililoandikwa private au no-store, lisiingie ghalani. Proksi iliyozembea hapo itampa Asha sanduku la barua la Juma, na kwa kasi ya kupendeza.

Wiki ijayo tutaingia kwenye JavaScript, kwa sababu viungo vinavyozaliwa ndani ya kivinjari chenyewe havipiti kabisa mbele ya kisomaji tulichokiandika leo.