Moto kubwa ya sport: inafaa wewe, ao inafaa macho ya watu?

Siku paye inaingia, mazungumuzo ya vijana wa mine hayakawie kufika kwenye moto. Boxer na TVS, kila mutu anazijua: njo zinabeba Kolwezi, Likasi na Lubumbashi kila siku, na manseba wanalisha familia nazo. Lakini kuko wenye hawataki tena ile. Wanataka ile yenye kulala mbele, yenye kulia kama ndege: Yamaha R6, Honda CBR, Suzuki GSX-R, Kawasaki Ninja. Wanaangalia picha kwenye telefone, wanauliza bei kwa wenye kuleta vitu kupitia Kasumbalesa, na wanaanza kuweka dola pembeni.

Hakuna ubaya kupenda moto nzuri. Mutu anayetoka jasho ndani ya shimo ana haki ya kufurahia jasho lake. Lakini kuko ulizo moja linalopashwa kuja mbele ya bei: hii moto inafaa wewe? Hatuulize kama iko nzuri. Iko nzuri. Tunauliza kama inafaa mikono yako, njia yako na nyumba yako.

Benne ya tani 100 haipewi mugeni

Tuanze na nguvu. Boxer ya 150 cc iko na nguvu za farasi karibu 12, na uzito wa kilo karibu 120. Yamaha R6 iko na 599 cc, nguvu za farasi karibu 118, na uzito wa kilo 190 tanki ikijaa. Fanya hesabu: kila kilo ya R6 inasukumwa na nguvu karibu mara sita kupita kilo ya Boxer. R1, yenye 998 cc, inafika karibu nguvu za farasi 200, na uzito wake unapita ule wa R6 kidogo tu.

Maana yake nini mikononi? Kwenye Boxer, ukifungua gaze kupita kiasi, moteri inalalamika na moto inaenda mbele kidogo. Kwenye R6, kosa lile lile katikati ya viraje linaweza kutelezesha pine ya nyuma ao kuinua ya mbele. Vitesi ya kwanza peke yake inaweza kukupitisha kilometa 100 kwa saa, mbele haujaweka hata ya pili. Freni pia ni hivyo. Zile za sport zinakamatwa na vidole viwili. Mutu aliyezoea kufinya freni ya Boxer kwa mukono muzima, akifanya vile juu ya muchanga, gurudumu la mbele linafunga na yeye anaenda chini.

Watu wa mine wanaelewa jambo hili kupita watu wengine. Hakuna shefu anayechukua mutu aliyeingia kazini jana na kumupa benne ya tani 100. Unapita formasyo, unaanza na mashine ndogo, unakaa pembeni ya mwenye kujua, kisha njo unapewa ufunguo. Kule Ulaya wanafanya vile kwa moto. Permi ya A1 ni ya moto ya 125 cc. A2 inafika kilowati 35, ni kusema nguvu za farasi karibu 47. Kisha njo A, yenye haina mupaka. Ufaransa, tangu 2016, hata mutu mwenye miaka 40 haruhusiwe kuruka ngazi: anapashwa kumaliza miaka 2 na permi ya A2, na kufuata masaa 7 ya formasyo. Hapa kwetu, ngazi ile unapashwa kujijengea wewe mwenyewe.

Njia yako njo inaamua

Moto ya sport ilitengenezwa kwa gudroni yenye kulala kama meza. Kiti chake kiko juu, sentimeta 85 kwa R6. Gidoni iko chini, kwa hiyo uzito wa mwili unalala juu ya mikono. Amortisere ni ngumu. Ukatoni wa plastiki wa chini uko karibu na udongo. Pine zake ni pana na ziko karibu laini: juu ya gudroni kavu zinakamata sana, juu ya matope na vumbi hazikamate kitu.

Sasa angalia njia unayopita kila siku. Kutoka mutaa wako mupaka kwenye gudroni, kuko mashimo mangapi? Wakati wa mvua, unapita matope ya namna gani? Dodan ziko ngapi? Sport haikate kona ndogo kama Boxer, juu gidoni yake haizunguke mbali. Magurudumu yake ni ya aliminiumu, na shimo moja lenye makali linaweza kuyapasua ao kuyapinda. Radiateri iko mbele, inakula mawe ya kamyo. Filtre ya hewa inajaa vumbi mbio, na moteri ya kuzunguka mara 15.000 kwa dakika haisamehe vumbi.

Kuko wenye wanasema: “Mi nitatembea nayo paka kwenye gudroni kubwa.” Sawa. Lubumbashi mupaka Kolwezi, kupitia Likasi na Fungurume, ni karibu kilometa 300. Lakini ile gudroni haiko yako peke yako. Kuko kamyo za kubeba kwivre zenye kwenda pole na zenye kuharibika katikati ya njia, na mara mingi alama yake ni matawi ya miti yaliyotupwa chini. Kuko mbuzi, kuko watoto wa masomo, kuko baiskeli za makala. Usiku, kuko magari bila mataa.

Hapo njo hesabu ya kusimama inaingia. Kwa kilometa 60 kwa saa, unatembea karibu meta 17 kila segonde. Tuseme unachukua segonde moja kuona hatari na kukamata freni, kisha moto yenyewe inahitaji karibu meta 20 ili isimame kwenye gudroni kavu. Jumla ni meta 37. Kwa kilometa 120 kwa saa, unamaliza meta 33 mbele ya mukono wako kukamata freni, kisha karibu meta 80 za kusimama. Jumla inapita meta 110. Mwendo umeongezeka mara mbili, lakini njia ya kusimama imeongezeka mara tatu. Na hiyo ni gudroni kavu, pine mupya, na mutu mwenye kujua. Kamyo iliyoharibika kisha viraje haikungojee meta 110.

Bei ya kununua ni mwanzo tu

Wengi wanahesabu bei ya moto, wanasahau bei ya kuishi nayo. Boxer inakunywa karibu lita 2 za esanse kwa kilometa 100. R6 inakunywa lita 6 ao zaidi, na mwenye kuitengeneza anaomba esanse nzuri ya oktane 95, siyo ile ya bidoni pembeni ya njia. Tanki yake ni lita 17. Ukifanya hesabu, haikufikishe Kolwezi kutoka Lubumbashi bila kuongeza njiani. Mafuta ya moteri, Boxer inachukua karibu lita 1, R6 karibu lita 2 na nusu, na ya namna bora.

Kisha kuko mapiesi. Plakete ya freni ya TVS, unaipata kwenye soko lolote. Ya GSX-R, unaagiza mbali, unalipa usafiri, unangoja majuma. Pine ya nyuma ya sport inaisha kwa kilometa elfu chache, na bei yake haiko ya Boxer hata kidogo. Ongeza makaratasi, plake na asiranse. Ongeza pia mahali pa kulaza moto usiku, juu moto ya namna hii inaita wezi.

Kuko sheria nyepesi ya kujipima: kama bei ya moto inamaliza makuta yote uliyo nayo, ile moto haijakuwa yako. Mwenye kuinunua anapashwa kubakia na falanga ya kasike, ya nguo za kujikinga, ya pine mbili na ya matengenezo ya kwanza. Na ile falanga isitoke kwenye minervale ya watoto wala kwenye lupango.

Kisha poste ya usiku

Kuko jambo moja lenye linahusu wafanyakazi wa mine kupita wengine: usingizi. Watafiti walipima watu waliokaa macho masaa 17. Walikuta mikono na akili zao zinafanya kazi kama za mutu mwenye gramu 0,5 ya pombe ndani ya lita ya damu. Mutu anayeamuka saa kumi na moja ya asubui, akashinda na shuguli za nyumba, kisha akaingia poste ya usiku, akitoka asubui amepita masaa hayo mbali. Kwenye Boxer ya kilometa 50 kwa saa, hatari iko tayari. Kwenye moto yenye kufika mara nne ya ile, segonde moja ya kufunga macho ni meta makumi. Kama kazi yako ni ya kupokezana usiku na muchana, moto ya sport haiwezi kuwa moto yako ya kwenda kazini. Panda bisi ya kampuni, moto ingoje siku ya pumziko.

Ongea nyumbani mbele ya kulipa

Mama wa nyumba akiuliza “tutapanda wapi?”, anauliza jambo la kweli. Kiti cha nyuma cha sport ni kidogo na kiko juu kama kiota. Mwanamuke mwenye mutoto mugongoni hawezi kukaa pale. Mufuko wa bunga hauna mahali. Mutu mwenye kuuza Boxer ya familia ili anunue sport anapunguzia nyumba chombo cha kazi.

Tena kuko jambo ambalo hatupendi kulitaja. Mwenye kontra nzuri, akivunjika muguu, pengine kampuni itamutunza. Lakini mwenye kuchimba kwa mikono, ao mwenye kulipwa kwa siku, muguu ukivunjika miezi mitatu, ni miezi mitatu bila kitu mezani. Bibi na watoto njo watalipa ile virage. Kwa hiyo wana haki ya kusema neno mbele dola hazijatoka.

Kama bado unaitaka

Kuko njia ya katikati. Moto ya 250 mupaka 400 cc, kama Yamaha R3 ya 321 cc ao Kawasaki Ninja 400, iko na umbo lile la sport, lakini nguvu zake hazipite farasi 50. Mutu anajifunza bila kila kosa kumupeleka hospitali. Na kwa njia zetu, moto ya namna ya trail, kama Yamaha DT ao Honda XR, yenye gurudumu kubwa la mbele na amortisere ndefu, inaweza kukupa furaha kupita sport, juu utaipanda siku zote, hata pale gudroni inaishia.

Ukinunua okazyo, enda muchana, pamoja na fundi. Gusa moteri: kama iko moto mbele ya kuiwasha, mwenye kuuza pengine anaficha taabu ya kuwaka asubui. Moshi wa bluu ni moteri inakula mafuta. Linganisha numero ya shasi na makaratasi, herufi kwa herufi. Angalia kama furshe ya mbele iko nyoofu na haivuje. Zungusha gidoni mupaka mwisho pande zote mbili: chuma chenye kuizuia kikiwa kimepondeka, ile moto ilianguka vikali. Kwenye pine, tafuta alama yenye namba ine za mwisho: 3519 maana yake juma la 35 la mwaka 2019. Pine ya zamani sana, hata kama iko na ngozi, imekuwa ngumu na itateleza.

Na EPI. Kwenye mine hauingie bila kasike, bote na gan, na unajua kwa nini. Shirika la Afya Duniani lilisema kasike nzuri iliyofungwa vizuri inapunguza hatari ya kufa kwa 42%, na ya kuumia kichwa kwa 69%. Lakini kasike ya mine haiko kasike ya moto. Tafuta yenye kufunika uso muzima, na uifunge chini ya kidevu. Gan, jaketi nguvu na viatu vyenye kupita kifundo cha muguu, vinunue pamoja na moto, siyo kisha.

Maulizo ya kujipima

1. Nimeendesha moto ndogo miaka angalau 2 bila kuanguka juu ya mwendo?
2. Njia ninayopita kila siku iko na gudroni nzuri mupaka karibu na mulango wangu?
3. Kisha kununua, nitabakia na falanga ya nguo, pine na matengenezo?
4. Kuko fundi karibu anayejua moto za namna hii, na ninajua mahali mapiesi yanatoka?
5. Nyumba itabakia na njia nyingine ya kubeba watoto na vitu?
6. Ninaweza kuiacha nyumbani siku nimechoka ao nimekunywa?
7. Kama hakuna mutu atakayeniona juu yake, bado nitaitaka?

Mwenye kujibu “ndiyo” kwa yote saba, anunue na aipande kwa amani. Mwenye kujibu “hapana” kwa moja ya zile sita za kwanza, abakie kwanza na ile aliyo nayo, na atengeneze hiyo moja. Makuta yataongezeka, na mikono itazidi kujua. Na mwenye “hapana” yake iko kwa ulizo la saba, anunue jaketi nzuri: bei iko chini, na watu watamuona vilevile.