Rufaa ya Mtoto Aliyefungwa Maisha

Mwezi wa Novemba 1963, wiki chache kabla Zanzibar haijapata uhuru wake, kijana wa miaka 17 aitwaye Henry Montgomery alimwua askari katika jimbo la Louisiana, Marekani. Alihukumiwa kifo, hukumu hiyo ikatenguliwa, na mwaka 1969 akapewa kifungo cha maisha kisicho na tamaa ya kutoka. Aliachiliwa Novemba 2021, akiwa mzee wa miaka 75.

Kilichomfungulia njia ni rufaa. Mwaka 2010, katika shauri la Terrance Graham wa Florida, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mtoto ambaye hakuua hawezi kufungwa maisha bila ya tamaa ya kutoka. Mwaka 2012, katika rufaa ya Evan Miller, aliyetenda kosa akiwa na miaka 14, ikakataza adhabu hiyo kutolewa kwa lazima hata kwa mauaji. Jaji sharti kwanza aupime utoto wa mkosaji. Mwaka 2016, kwa rufaa ya Montgomery mwenyewe, uamuzi huo ukawafikia na waliofungwa zamani.

Wapo watakaouliza: na aliyeuawa je? Swali hilo ni la haki. Wafiwa wanastahili kuona kosa limeadhibiwa. Walakini kuipitia upya hukumu si kulifuta kosa. Montgomery alikataliwa mara mbili, mwaka 2018 na 2019, kabla ya kukubaliwa.

Jambo hili latuhusu sisi pia. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na kifungu chake cha 37 chakataza kifungo cha maisha bila uwezekano wa kuachiliwa kwa kosa lililotendwa kabla ya miaka 18. Zanzibar nayo ilitunga Sheria ya Mtoto mwaka 2011. Hata hivyo, sheria njema haimfai mtoto ambaye umri wake haukuthibitishwa mapema, au aliyepata nakala ya hukumu baada ya muda wa rufaa kwisha. Yeye hajui kuandika hati ya rufaa, na huenda mzazi wake aliyeko Micheweni au Makunduchi hana nauli ya kufuatia majalada mjini.

Kwa hiyo twawaomba wahusika mambo matatu. Cheti cha kuzaliwa kiwe mbele ya hakimu tangu siku ya kwanza, na kisipopatikana sheha na jamaa waulizwe. Nakala ya hukumu itolewe bila kuchelewa. Na afisa wa gereza amweleze mtoto, kwa lugha anayoifahamu, haki yake ya kukata rufaa na siku zilizobaki.

Wazee wetu husema, samaki mkunje angali mbichi. Amfungaye mtoto maisha na kuifunga milango yote amekwisha kuamua kwamba samaki huyo amekauka. Montgomery alingoja miaka 58 kuonyesha kwamba sivyo.