Maisha Baada ya Kurejeshewa Taya (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza namna madaktari wanavyolikata taya lililoharibiwa na saratani ya kinywa, kisha wakaziba pengo kwa bamba la titaniamu au kwa ule mfupa mwembamba unaokaa ubavuni mwa muundi, mbinu ambayo David Hidalgo wa New York aliitangaza mwaka 1989. Leo tuingie katika swali ambalo jamaa wa mgonjwa huliuliza kwa sauti ya chini: miaka ikishapita, ataishi maisha ya namna gani?

Swali hilo lina vipimo vyake. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walitoa dodoso ambalo leo hutumika nchi nyingi. Toleo lake la nne humuuliza mgonjwa mambo 12, yakiwamo maumivu, sura, kumeza, kutafuna, usemi, bega, mate na hofu. Kwa jumla majibu huonyesha hali ikishuka sana baada ya upasuaji na mionzi, kisha wengi hujikongoja kurudi juu katika mwaka wa kwanza. Yanayochelewa, na kwa wengine hayarudi kabisa, ni kutafuna na mate.

Dodoso hilo ni zuri, lakini halikutungwa kwa mtu wa wilaya zetu mbili, Mbulu na Hanang. Chukua usemi. Kiiraqw kina sauti zinazotoka kooni kabisa, na nyingine ambazo hewa hupita ubavuni mwa ulimi. Kihadzabe cha bonde la Yaeda kina vidoko, ambavyo ulimi lazima ubane kaakaa na kuachia ghafla. Aliyekatwa sehemu ya ulimi pamoja na taya anaweza kueleweka kwa Kiswahili hospitalini, daktari akaandika kwamba usemi ni mzuri, kumbe nyumbani mama yake mzazi hamwelewi. Naona ni haki mgonjwa aulizwe kwa lugha anayoota nayo.

Bega nalo. Tezi za shingoni zinapoondolewa, neva inayoinua bega inaweza kuumia au kukatwa, na mkono ukashindwa kupanda juu. Kwa karani ni usumbufu. Kwa mkulima wa Dongobesh anayeinua jembe, ni njaa. Mguu uliotoa mfupa kwa kawaida hurudi kutembea, ila wengine hubaki na kifundo kigumu, na miteremko ya huku haimwonei mtu huruma. Mazoezi ya bega na kifundo yaanze mapema, yaendelee nyumbani.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni meno. Mionzi ya kinywa, ambayo mara nyingi huchukua wiki 6 hivi, hukausha tezi za mate, na bila mate meno huoza upesi. Wakati huohuo mishipa midogo ya damu ndani ya taya huharibika. Ukiling'oa jino katika mfupa wa namna hiyo, hasa uliopata dozi ya grei 60 au zaidi, kidonda kinaweza kukataa kufunga na mfupa ukafa. Hatari hii haiishi baada ya mwaka mmoja. Mtu huzeeka nayo. Ndiyo maana meno mabovu hung'olewa kabla ya mionzi, na yanayobaki hulindwa kwa dawa yenye floridi.

Hapa kwetu floridi ina jina baya, kwa sababu ya maji ya visima yanayoacha madoa ya kahawia. Lakini madoa hayo hutokea utotoni, meno yakiwa bado yanaumbwa ndani ya ufizi. Mtu mzima anayepaka dawa kwa maelekezo ya daktari hapati madoa mapya. Asiikatae.

Kuhusu chakula, nitasema kifupi: ugali mkavu na nyama ngumu vitawashinda wagonjwa wengi. Uji wa mtama ulioongezwa maziwa na karanga zilizosagwa laini hulinda uzito. Familia isimtenge mgonjwa wakati wa kula kwa sababu anadondosha mate.

Shida kubwa ni umbali. Aliyepelekwa hospitali kubwa za KCMC, Bugando, Muhimbili au Ocean Road hurudi kijijini, nauli ikaisha, kliniki ya marejeo ikaachwa. Jino likimuuma, anakwenda kituo cha karibu, wala hatamwambia mtu habari za mionzi, maana hajui kama zinahusiana. Hospitali ya Haydom, inayohudumia watu tangu 1955, pamoja na hospitali za Mbulu na Katesh, zinaweza kuwa kiungo, ikiwa kila mgonjwa atarudi na karatasi inayoonyesha mfupa upi ulipigwa mionzi na kwa dozi gani.

Nawaomba waganga wa meno wa wilaya hizi mbili: kabla hamjashika koleo, muulizeni kila mgonjwa kama aliwahi kupigwa mionzi ya kichwa au shingo. Akisema ndiyo, msing'oe kabla ya kuwasiliana na hospitali iliyomtibu.