Kabla ya kung'oa jino, uliza mzizi unaoshwa kwa dawa gani

MSOMAJI, je, umewahi kukesha usiku kucha umeshika shavu, jino likidunda kama ngoma? Wakazi wengi wa Umoja, Kayole, Dandora na Buruburu wanaijua hali hiyo. Kwanza huweka karafuu. Kisha hununua vidonge katika duka la dawa. Mwishowe, maumivu yakizidi, humwambia daktari: "Ling'oe tu!"

Si kila jino linalouma ni la kung'olewa. Mengi yanaweza kuokolewa kwa kutibiwa mzizi. Na katika tiba hiyo, jambo ambalo wagonjwa wengi hawaulizi ni dawa ya maji inayotumiwa kuosha ndani ya jino.

Adui ni bakteria

Ndani ya jino mna nyama laini yenye neva na mishipa ya damu. Jino likitoboka hadi hapo, bakteria huingia, nyama hiyo huoza, na usaha unaweza kujikusanya kwenye ncha ya mzizi. Mwaka wa 1965 watafiti nchini Marekani walitoboa meno ya panya. Kwa panya wa kawaida, nyama ya ndani ilikufa. Kwa panya waliolelewa mahali pasipo na viini vyovyote, jeraha lilipona.

Ndiyo maana vidonge vya antibiotiki peke yake haviponyi jino kama hilo. Dawa uliyomeza husafirishwa na damu, na jino lililokufa ndani halina damu. Maumivu yanaweza kutulia kwa muda, lakini bakteria wamebaki nyumbani kwao.

Kwa nini kuosha?

Daktari hufungua jino, hutoa nyama iliyooza, kisha hukwangua mfereji wa mzizi kwa vifaa vyembamba kama sindano. Lakini mfereji huo haukunyooka kama bomba. Una kona na vichochoro. Uchunguzi umeonyesha kwamba vifaa hivyo vinaweza kuacha thuluthi moja au zaidi ya kuta zake bila kuziguza. Palipobaki hufikiwa na dawa ya maji tu.

Dawa hizo hazifanani:

Maji ya chumvi ya hospitali husukuma uchafu nje, lakini hayaui bakteria.

Hipokloriti ya sodiamu, dawa ya jamii ya klorini, huua bakteria na pia huyeyusha nyama iliyooza. Hii ndiyo inayotegemewa zaidi duniani. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, mwanakemia Mwingereza Henry Dakin aliitumia kuosha vidonda vya askari.

Klorheksidini huua bakteria vizuri, ila haiyeyushi nyama iliyooza. Tena haifai kuchanganywa na hipokloriti, kwani huacha mashapo ya rangi ya kahawia.

EDTA huondoa utando wa unga wa jino unaoziba kuta, ili dawa nyingine ipenye.

Watafiti wa Sweden walilinganisha dawa mbili za kwanza. Katika matokeo yao ya 1983, meno 15 yalioshwa kwa hipokloriti ya asilimia 0.5. Kufikia ziara ya tano, 12 hayakupatikana na bakteria. Kati ya meno 15 yaliyooshwa kwa maji ya chumvi, ni manane tu.

Angalia vizuri: hata hipokloriti ilishindwa na meno matatu. Kwa hivyo, daktari akikuwekea dawa ndani ya jino na kukupa siku ya kurudi, usikose eti kwa sababu maumivu yamekwisha.

Hatari

Labda umetambua kwamba hipokloriti ndiyo iliyomo katika JIK ya kufulia. Usijaribu kamwe kuitia jinoni au kusukutua nayo! Huchoma. Hata kliniki, ikisukumwa kwa nguvu ikapita ncha ya mzizi, huleta maumivu makali na uvimbe wa uso. Daktari makini huisukuma polepole, na hulizungushia jino kitambaa cha mpira ili dawa isiingie kooni na mate yasiingie jinoni.

Ufanye nini?

Hakikisha daktari na kliniki yake wamesajiliwa na baraza la madaktari na madaktari wa meno, KMPDC. Uliza mambo matatu: Je, jino hili linaweza kuokolewa? Utaliosha kwa dawa gani? Utatumia kitambaa cha mpira? Uliza pia gharama yote mpaka jino lizibwe kabisa, usije ukaachia njiani.

Uvimbe ukifika jichoni au shingoni, ukapata homa, au ukashindwa kumeza au kupumua, usingoje asubuhi. Nenda hospitali mara moja.

Kumbuka, jino la mtu mzima likishang'olewa halioti tena.