Simu Hukuamulia Kabla Hujarekodi

Mwaka 2019 vijana wa Kaduna, kaskazini mwa Nigeria, wanaojiita The Critics, walipata umaarufu duniani kwa filamu fupi za kubuni walizozirekodi kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Simu waliishikiza kwenye stendi mbovu ya maikrofoni, na ukutani wakatundika kitambaa cha kijani. Filamu yao ya dakika 10, Z: The Beginning, iliwachukua miezi 7, maana umeme ulikatikakatika na intaneti ilijikokota. Wengi walistaajabia uduni wa vifaa vyao. Mimi navutiwa zaidi na kile kitambaa.

Kwa nini kijani? Ndani ya kamera mna kibamba cha silikoni chenye mamilioni ya vipima mwanga vidogo mno. Kila kimoja hupima wingi wa mwanga tu, rangi hakiijui, hivyo hufunikwa kwa kichujio cha rangi. Mwaka 1976 Bryce Bayer, mhandisi wa Kodak, alipata hataza ya mpangilio unaotumika hadi leo katika simu nyingi: kati ya kila vipima vinne, viwili hupokea kijani, kimoja nyekundu na kimoja bluu. Bayer alilifuata jicho la binadamu, ambalo hunasa mwanga wa kijani kwa wepesi kuliko rangi nyingine. Matokeo yake, kamera hupata taarifa nyingi zaidi za kijani. Mpaka kati ya mwigizaji na kitambaa hutoka safi, na programu ya kuhariri hufuta kijani chote ikaweka anga au sayari ya mbali. Lakini ukivaa shati la kijani, utabaki kichwa kinachoelea.

Kijana anayetaka kusimulia habari za mtaani kwao hahitaji sayari. Anahitaji uso wa bibi yake uonekane, na hapo ndipo simu huanza ubishi. Bibi amekaa barazani saa saba mchana, nyuma yake uwanja unawaka jua. Ikiachiwa ijipimie, kamera huchukua wastani wa mwanga wa picha nzima na kuusogeza kuelekea kijivu cha katikati. Uwanja ukiwa mweupe pee, simu hupunguza mwanga wote, na uso mweusi wa bibi huzama kizani. Simu nyingi za sasa hujaribu kutafuta sura ya mtu kwanza, ila jua la mchana huzishinda mara kwa mara.

Tatizo la ngozi nyeusi kutoonekana vizuri lina historia. Kwa miaka mingi maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu. Mtafiti Lorna Roth wa Canada ameeleza kwamba msukumo wa kuboresha filamu za kupigia picha ili zinase rangi za kahawia ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Malalamiko ya kabati yalisikika kabla ya malalamiko ya watu! Google ilipotoa simu ya Pixel 6 mwaka 2021, kunasa vizuri ngozi nyeusi bado kulitangazwa kama jambo jipya.

Dawa haina gharama. Mgeuze bibi aelekee kwenye mwanga. Gusa uso wake kwenye skrini, ushikilie kidole. Katika simu nyingi kipimo cha mwanga kitajifunga hapo. Kisha sogea karibu, kwa ajili ya sauti: mahali pa wazi, umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu ya sauti inayofika kwenye maikrofoni hubaki robo.

Uamuzi mgumu kuliko yote ni wa kuchagua vipande vya kukata, na huo simu haiufanyi. Mwaka 1967, katika kisiwa cha Fogo nchini Canada, Colin Low wa bodi ya taifa ya filamu aliwarekodi wavuvi waliokuwa wakishinikizwa kuhama. Aliwaonesha picha zao kabla ya wengine kuziona, na wakaruhusiwa kukataa sehemu wasizozipenda. Hata hivyo kamera ilibaki mikononi mwa wageni, na picha zilisafiri hadi maabara kusafishwa. Leo mjukuu humwonesha bibi klipu palepale barazani. Bibi akisema kipande fulani kitolewe, hutolewa kabla hakijafika kwenye kundi lolote la WhatsApp.