Mgonjwa wa Saratani Apewe Kiti Barazani

Mtu wa Gitaza, nchini Burundi, anayeshukiwa kuwa na saratani hana budi kuifuata barabara ya taifa namba 3, ile iliyolala kando ya Ziwa Tanganyika kutoka Bujumbura hata Rumonge na Nyanza-Lac, na ambayo mwezi wa Machi 2015 ilikatwa hapo hapo Gitaza na matope na mawe yaliyoporomoka kutoka milimani. Akienda kaskazini hufikia hospitali kubwa za Bujumbura. Na akihitaji mionzi, tiba ambayo Burundi imekaa miaka mingi bila mashine yake, safari haimwishii hapo, bali humpeleka nje ya nchi, kwa nauli ambayo aghalabu hupatikana kwa kuuza shamba, mtumbwi au michikichi ya urithi.

Katika safari hiyo matabibu ni wengi, na kila mmoja huona kipande chake tu: wa kituo cha afya huona uvimbe, wa maabara huona kinyama kilichokatwa, na wa hospitali kuu huona karatasi. Aionaye njia nzima, tangu siku ya shaka ya kwanza hata siku ya kupewa dawa au kuambiwa kuwa wakati umepita, ni mgonjwa mwenyewe pamoja na muuguzaji wake, yule ndugu alalaye chini kando ya kitanda, apikaye uani, akimbiliaye famasi, na ambaye usiku wa manane ndiye asikiaye maumivu. Shirika la Afya Duniani limeweka shabaha kwamba mwenye saratani ya titi abainishiwe maradhi yake kabla ya kupita siku 60 tangu ajitokeze. Lakini siku hizo zinapotelea wapi, hakuna daftari liwezalo kueleza kama watakavyoeleza wawili hawa wakiulizwa.

Wakiulizwa, nasema, kwa kuwa asiyeuliza hukimbilia kulaumu. Husemwa mara nyingi kwamba watu wetu huchelewa kwa ujinga. Walakini mwaka 2006 shirika la Human Rights Watch liliwasikiliza wagonjwa wa Burundi, likaandika habari za watu waliozuiliwa hospitalini kwa kushindwa kulipa deni la matibabu. Mwaka huo huo serikali iliondoa malipo kwa wazazi wanaojifungua na kwa watoto walio chini ya miaka 5, lakini saratani haikuwamo. Mtu anayekumbuka mambo hayo akijikawiza nyumbani na uvimbe wake, je, ni ujinga au ni hesabu?

Wala chombo cha kuulizia si kigeni kwetu. Vituo vya afya vya Burundi vina kamati zao, ziitwazo COSA, ambamo huketi wawakilishi wa wananchi wa vilimani, na wako abaremeshakiyago, yaani wahudumu wa afya wa jamii, wanaopita nyumba kwa nyumba. Tena, tangu mwaka 2010, taifa zima lilipoingia katika utaratibu wa kuvilipa vituo kwa kadiri ya kazi yao, vyama vya wenyeji vilipewa dhamana ya kwenda majumbani kuhakikisha kwamba mgonjwa aliyeandikwa daftarini yupo kweli, na kumwuliza kama aliridhika na alivyopokewa. Huu ni utaratibu wa insafu, nami nausifu. Lakini ulisukwa hasa kwa ajili ya uzazi, chanjo na maradhi ya kuambukiza, ilhali mwenye saratani, akishaandikiwa rufaa, hutoka machoni pa kituo, na hakuna abishaye hodi kwake.

Majirani wametangulia. Kampala, mwaka 2004, wanawake waliopona saratani ya titi walianzisha chama chao, UWOCASO, wakawa wanawashika mkono wanaoanza tiba. Huko huko Uganda hospisi iliyoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993 ilimkabidhi muuguzaji morfini ya maji aipime nyumbani, na hivyo jamaa akawa sehemu ya tiba. Butaro, kaskazini ya Rwanda, palipofunguliwa kituo cha saratani mwaka 2012, nauli na chakula huhesabiwa katika matunzo kwa wasiojiweza.

Hata hivyo jamaa si mgonjwa. Ziko nyumba ambamo mgonjwa mwenyewe hufichwa jina la maradhi yake, na mume au wakwe hukata shauri la kuuza au kutouza, kwenda au kutokwenda. Mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi hatasema ya moyoni mbele ya baraza la wanaume. Ni wajibu aulizwe peke yake, na mwanamke mwenziwe. Wala kumvisha fulana ya waridi kila Oktoba na kumpiga picha si kumshirikisha.

Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 lilikwisha kukiri kwamba kushiriki katika kupanga na kutekeleza huduma za afya ni haki ya watu na ni faradhi yao. Basi kamati za Gitaza na za ufuko wote hadi Rumonge zimtengee kiti mmoja aliyepitia saratani na kingine muuguzaji mmoja, maneno yao yaandikwe na kupelekwa Bujumbura, na Bujumbura irudishe majibu. Jambo hili halingoji mashine wala fedha za wafadhili. Laweza kuanza katika kikao kijacho.