Mkwamo, Turufu na Kufilisi: Maneno Matatu ya Kuchungwa

Tuchukue mfano wa watu wawili waliounda kampuni ndogo ya kupangisha majengo, kila mmoja akiwa na hisa 50 katika 100. Mmoja ataka jengo liuzwe, mwenzake ataka likarabatiwe. Kila wapigapo kura, kura hulingana. Wafasiri wengi huiita hali hii mgogoro. Kwa maoni yetu, istilahi ifaayo ni mkwamo. Mgogoro ni ugomvi, na wagombanao waweza kuamua jambo kwa wingi wa kura. Mkwamo ni kushindwa kuamua, hata kama wahusika wangali wakisalimiana.

Ili kuuondoa mkwamo, katiba ya kampuni yaweza kumpa mwenyekiti kura ya uamuzi, ipigwayo kura zikilingana. Hii isichanganywe na kura ya turufu, ambayo kazi yake ni kuzuia. Mfasiri aandikaye turufu mahali pa uamuzi huukaza mkwamo badala ya kuufungua.

Njia nyingine ni mmoja kutaja bei ya hisa, na mwenzake kuchagua ama kununua ama kuuza kwa bei iyo hiyo. Atajaye bei ya chini hujihatarisha kuuza hisa zake kwa hasara. Tunapendekeza liitwe sharti la nunua-au-uza.

Njia ya mwisho ni mahakama kuamuru kampuni ivunjwe kwa sababu ni haki kufanya hivyo. Hapa wengi huandika kwamba kampuni imefilisika. Mwaka 1916 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliridhia kuvunjwa kwa kampuni ya Yenidje Tobacco, iliyokuwa na wakurugenzi wawili wenye nguvu sawa wasiosemezana. Kampuni hiyo ilikuwa ikipata faida! Ni kweli kwamba akabidhiwaye mali ya kampuni inayovunjwa huitwa mfilisi. Lakini kufilisika ni kushindwa kulipa madeni, na benki isomayo neno hilo yaweza kudai mkopo wake bila sababu.

Tangu Tanzania ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama mwaka 2021, makosa ya namna hii si ya kalamu tu. Neno moja lisilo mahali pake laweza kumpotezea mtu nyumba. Hapana budi tulipime kabla ya kuliandika.